Dodoma: Nchi Kavu na Shimo la Samadi

Ndugu msomaji, juma hili nakuomba ufuatane nami mpaka Dodoma, katikati ya nchi yetu. Safari yenyewe si ngumu. Reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani ilifika pale mwaka 1910, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam asubuhi, nawe ukashuka Dodoma kabla ya chakula cha mchana. Wengi huenda kulitazama Bunge, wengine kununua zabibu, na wengine kutafuta kiwanja. Mimi nataka kukuonyesha kitu ambacho wageni hawakitazami, nacho ni mavi ya wanyama. Usicheke, nawe mama usilifunge gazeti, kwa maana habari hii yakuhusu hata kama hufugi ila paka mmoja wa kukamata panya.

Kwanza tuelewane maneno. Mavi ya mnyama yakikaa na kuoza twayaita samadi. Yakichanganywa na majani, mabua na takataka za jikoni, yote yakaoza pamoja mpaka yakawa kama udongo mweusi, twaiita mboji. Mabichi si samadi bado wala si mboji, na hapo ndipo wengi hukosea.

Dodoma iko juu ya uwanda mrefu, yapata meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja tu. Huanza Desemba, mara nyingi hupumzika katikati ya Februari hata watu wakaingiwa na hofu, kisha huisha Aprili. Kwa mwaka mzima hazizidi sana milimeta 600. Miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi. Katika nchi ya namna hiyo majani hayaozi upesi kama Bukoba au Rungwe. Hukauka, mchwa wakayala, na upepo ukapeperusha kilichosalia. Kwa hiyo ardhi yabaki na njaa mwaka hata mwaka, na mtu alimaye mtama mahali pale pale miaka kumi pasipo kuirudishia ardhi kitu hana budi kuona masuke yake yakipungua.

Tutoke mjini kwa njia ya Mvumi, upande wa kusini mashariki, yapata kilometa 40. Utaona mibuyu imesimama peke yake mashambani, na miiba, na makorongo ya mchanga mweupe yasiyo na maji. Wakati wa kiangazi akina mama huchimba visima katika mchanga ule ule wa korongo, wakachota maji kwa kata na kuwatwisha punda. Lishike neno hili la visima vya korongo, kwa maana tutalirudia.

Nyumba ya zamani ya Wagogo ni tembe, yaani nyumba ndefu iliyo chini, kuta zake za miti na udongo, na paa lake limelala sawa na kufunikwa udongo. Nyumba yazunguka ua, na ndani ya ua mna mifugo. Siku hizi mabati yamezidi, lakini tembe bado zipo, na ukifika mlangoni ukasema “Mbukwenyi” utakaribishwa vizuri. Ng'ombe hulala katikati, na ndama pamoja na vitoto vya mbuzi huingizwa chumbani wasidhurike kwa baridi wala kuliwa na fisi. Asubuhi mama mwenye nyumba hufagia. Miaka ikipita, mavi katika ua huongezeka hata ng'ombe wakawa wamesimama juu kuliko mtu aliye nje ya boma. Hapo watu huhama, wakalijenga zizi jingine, na pale pa kwanza pakawa mahame.

Sasa mtazame mtu apandaye katika mahame. Mvua ya kwanza inyeshapo, maboga yake hutambaa kama mwenye haraka, na mahindi yake huwa ya kijani iliyokoza wakati ya jirani yamekwisha geuka manjano. Hata Februari, mvua ipumzikapo, mahindi ya mahame hukawia kunyauka. Sababu si uchawi. Samadi ina chakula cha mmea, na zaidi ya hayo, udongo wenye samadi hushika maji kama sifongo. Ukiushika mkononi hufinyangika; ule mwingine humwagika kati ya vidole kama mchanga wa pwani. Kwa maoni yangu, kwa mkulima wa Dodoma kazi hii ya pili ya kushika maji ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Udongo usio na samadi uliwaaibisha hata wakubwa. Tukirudi mjini na kushika barabara ya Morogoro, kisha tukakata kulia pale Mbande, twafika Kongwa. Hapo mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza shamba kubwa la karanga, kwa matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia. Walikusudia kulima ekari milioni tatu na zaidi. Lakini mvua zilikuwa haba, na udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikakwama chini zisiweze kung'olewa. Mwaka 1951 kazi ikaachwa, na fedha zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Sisemi kwamba samadi peke yake ingaliliokoa shamba la ukubwa ule. Ng'ombe wa Ugogo wote wasingalitosha. Nasema tu kwamba mahame ya tembe yalikuwa pale pale karibu, na ingalifaa watazamwe kwanza mambo yaotayo humo.

Turudi mjini. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia, na hasa tangu Dodoma ifanywe jiji mwaka 2018, watu wamemiminika. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya watu 765,000 katika jiji. Huko Kisasa, Ilazo na Nzuguni nyumba mpya zimejipanga, kila moja na ukuta wake, na nyuma ya ukuta bustani ndogo ya mchicha na matembele. Hapana ng'ombe. Lakini yupo mbwa wa kulinda, yupo paka, wapo kuku katika banda lenye maranda, na mara nyingine sungura au simbilisi wa watoto. Paka amewekewa sanduku la mchanga au la maranda ndani ya nyumba, asije akachafua. Na kila juma mama hujiuliza: Nimwage wapi? Bustani yangu yataka mbolea, na hii nayo ni mavi kama ya ng'ombe. Je, nisiitie kwenye mchicha?

Jibu langu ni hili: mtazame kwanza mnyama anakula nini.

Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, sungura na simbilisi hula majani. Mavi yao pamoja na matandiko yao, yaani nyasi au maranda waliyolalia na kukojolea, ni mali safi ya shimo la mboji. Hayo ya sungura ni mazuri sana kwa bustani ndogo. Kuku yu katikati: kinyesi chake kina nguvu nyingi hata kikiwekwa kibichi huunguza miche, tena chaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, basi sharti kioze vizuri pamoja na maranda yake kabla hakijafika shambani. Lakini paka na mbwa hula nyama, na matumbo yao hubeba vitu ambavyo ng'ombe habebi.

Paka alaye panya au nyama mbichi, hasa paka mdogo, aweza kutoa katika kinyesi chake vijiyai vya kijidudu kiitwacho toksoplazima. Huvitoa kwa siku chache au majuma mawili matatu, naye mwenyewe hana dalili yo yote. Kinyesi kikiwa kipya, vijiyai hivyo havijaweza kudhuru. Vyahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Vikisha komaa, katika udongo wenye unyevu vyaweza kukaa hai mwaka mzima na zaidi. Mtu mzima mwenye afya akivimeza huenda asijue hata kidogo. Lakini mama mjamzito akiambukizwa mara ya kwanza katika mimba yake, mtoto aweza kufa tumboni, au kuzaliwa na ubongo ulioharibika, au kupofuka baadaye. Basi sanduku la paka lisafishwe kila siku, kabla ya vijiyai kukomaa, wala asilisafishe mama mwenye mimba. Baba, kazi hii ni yako. Ikiwa hapana mtu mwingine nyumbani, mama na avae glavu, kisha anawe kwa sabuni.

Mbwa naye, hasa kitoto cha mbwa, hutoa mayai ya minyoo. Mayai hayo hukaa katika udongo miaka, na mtoto achezaye mchangani na kutia vidole kinywani huyameza. Minyoo ikatangatanga mwilini, pengine hata machoni. Safura ya mbwa huingia katika ngozi ya mguu usio na kiatu, ikachora mistari yenye kuwasha. Dawa ya minyoo kwa mbwa kila baada ya miezi mitatu ni gharama ndogo kuliko hayo.

Kuna wanaosema, “Lakini mboji hupata moto, na moto huua vijidudu.” Ni kweli, ila si moto wa kila shimo. Lundo kubwa lililojengwa vizuri, lenye meta moja au zaidi kila upande, hupanda joto mpaka nyuzi 55 au 60 za sentigredi, nalo likidumu hivyo siku nyingi na kugeuzwa geuzwa hata kila sehemu ikapita katikati penye joto, vijidudu vingi hufa. Shimo la nyumba moja, litiwalo debe leo na debe juma lijalo, halifiki huko. Huwa vuguvugu tu. Basi usimtegemee moto usiouona.

Sasa tuseme juu ya nzi, na kwa ajili yake nakurudisha Kongwa mara moja. Kongwa yajulikana na madaktari wa macho wa dunia nzima, kwa sababu ya trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope. Kope hugeukia ndani, zikakwaruza jicho mpaka mtu akapofuka. Kuanzia miaka ya 1980 wataalamu walikaa katika vijiji vya huko wakichunguza watoto, na matokeo waliyoyachapa mwaka 1995 yalionyesha kwamba watoto waliooshwa nyuso daima hawakushikwa sana na trakoma kali. Nzi wa usoni ndiye mchukuzi mmojawapo. Na nzi huyo huzaliwa wapi? Huko Gambia wataalamu waliweka mavi ya namna mbalimbali wakangoja waone. Kinyesi cha binadamu kiachwacho juu ya ardhi kilizaa nzi wengi kuliko vyote, lakini hata cha ng'ombe, cha mbuzi na cha mbwa kilizaa. Takataka za jikoni zilizokuwa zikioza kuwa mboji hazikumzaa nzi huyo. Basi mavi yaliyolala wazi uani ni jambo la macho ya watoto wako, na tabaka la udongo juu yake, la kina cha kiganja, ni ukuta dhidi ya nzi.

Haya, tuchimbe. Katika nchi za mvua nyingi watu hupanga mboji juu ya ardhi ili isilowe mno. Dodoma ni kinyume: chimba shimo, kwa kuwa shimo hutunza unyevu. Lifanye upana wa meta moja na nusu, kina kisichozidi meta moja, chini ya kivuli cha mti ukiwa nao, tena mbali na kisima hatua 40 au zaidi. Wakati mzuri ni Aprili na Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu na mabua ya mtama, uwele na mahindi yakiwa tele. Wengi huyachoma mabua hayo. Afadhali wangalichoma noti. Yakatekate yalale chini kabisa ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu, kisha matandiko na mavi ya wanyama walao majani, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha majivu kidogo ya kunyunyiza, na udongo wa juu kiasi cha kufunika. Rudia hivyo mpaka shimo lijae. Kila tabaka linyweshwe maji. Najua maji ya Dodoma yana bei, basi tumia yale uliyooshea mboga na mchele. Dalili ya maji ya kutosha ni hii: ukikamua konzi moja, mkono ulowe lakini usitone.

Kisha chukua fimbo ndefu, ichomeke mshazari mpaka katikati. Baada ya siku kadhaa ichomoe na kuishika. Ikiwa ya moto na mbichi, kazi yaendelea. Ikiwa kavu, ongeza maji. Na mchwa wakionekana ujue pamekauka, kwa maana mchwa hupenda kikavu kisichooza. Ikiwa baridi na yanuka, hewa haipiti, basi geuza. Geuza kila majuma matatu, ukitia ya juu chini na ya pembeni katikati. Vaa viatu wakati huo, kwa maana mavi ya wanyama hubeba pia pepopunda, na jeraha dogo la mguuni latosha kumwingiza. Ifikapo Novemba utakuta udongo mweusi unukao kama msitu baada ya mvua, nao utautawanya mara tu kabla ya mvua za Desemba. Atakayetumia samadi isiyooza kabisa asivune mboga zigusazo ardhi kabla ya siku 120 kupita.

Jambo moja la kuangalia. Mnyama akiharibu mimba au akifa ghafula, usimtie yeye wala kondo lake katika shimo hili, wala usimguse kwa mikono mitupu. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, mkoa wa Dodoma uliumia kuliko mikoa mingine. Mwite mtaalamu wa mifugo.

Na paka na mbwa je? Hao wachimbie shimo lao, dogo na la kina kirefu, kwenye kona ambapo hapalimwi chakula na watoto hawachezi. Kila siku tia kilichotoka sandukuni, tia maranda au majani makavu, kisha udongo. Weka kifuniko cha bati au cha mbao, kuku wasichakure. Sanduku la maranda ni bora kuliko lile la udongo wa dukani unaogandamana, kwa maana udongo ule hauozi. Huo ufunge vizuri uutie katika pipa la taka. Shimo likijaa, lizibe kwa udongo wa nusu meta, uchimbe jingine, na juu ya lile la kwanza panda mti wa kivuli: mwarobaini au mjohoro. Mizizi itakula polepole, bila mkono wa mtu kugusa. Usipande mchicha hapo wala mwaka huu wala ujao.

Na kwa vyo vyote usimwage korongoni. Wako watu wanaosema, “Jua litakausha.” Ndiyo, sehemu moja litakausha. Lakini siku ya mvua ya kwanza korongo hujaa kwa saa moja, maji yakazoa yote, na chini kule akina mama wana visima vyao katika mchanga.

Kabla ya kuagana, tupande kaskazini kwa barabara kuu ya Arusha. Twapita Makutupora, ambako ndiko visima virefu vya maji ya jiji viliko, na mashamba ya zabibu. Mkulima wa zabibu huchimba mtaro mrefu, akaujaza samadi, ndipo apande. Yeye huvuna mara mbili kwa mwaka, na wafugaji huwauzia wakulima hawa samadi kwa gari. Kitu kilichokuwa kikilundikwa bure sasa kina mnunuzi.

Kilometa 160 hivi kutoka mjini twafika Kondoa. Huko milima ya Irangi ilikuwa imechimbika kwa makorongo mekundu, mengine yenye kina cha nyumba ya ghorofa. Mwaka 1973 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Lilikuwa neno gumu. Mwambie Mrangi auache ng'ombe wake uone. Majani yakarudi, miti ikarudi. Baadaye watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa, ila kwa sharti la kuwafungia bandani na kuwaletea majani. Na ng'ombe afungwaye hatapanyi mavi yake porini; yote yabaki sakafuni pamoja na mabaki ya majani, tayari kwa karai na jembe. Ukipita huko mwezi wa Novemba, tazama mashambani kabla ya mvua. Utaona malundo madogo meusi yamepangwa kwa mistari, hatua chache moja hadi jingine, yakingojea kutawanywa.